Kinachogandisha: vitamu vya tabaka bila oveni, kutoka Nanaimo hadi sigiri ya Gulu

Chukua kipande chochote kitamu ambacho hakikupita kwenye oveni, kigeuze mkononi, kisha ujiulize: kimeshikwa na nini? Ladha na asili yake viache kwanza. Donge la simsim linalouzwa dirishani mwa basi la barabara ya Gulu limeshikwa na sukari iliyopikwa. Barfi ya maduka ya mithai, yaani vitamu vya Kihindi, ya Kampala imeshikwa na maziwa yaliyokauka pamoja na samli. Halua inayotoka pwani imeshikwa na wanga. Vipande vya tabaka tatu vya Kanada, viitwavyo Nanaimo, vimeshikwa hasa na mafuta yaliyopoa.

Anayelijua jibu hilo anajua kipande kipi kitafika sherehe ya Ntinda, mtaa wa Kampala, kikiwa wima na kipi kitafika kikiwa mchuzi. Anajua pia ni kiungo gani anaweza kukibadilisha na kipi akikigusa ameharibu trei nzima. Wengi wanaoharibu vipande hivi hawakukosea vipimo. Walibadilisha kitu kilichokuwa kinagandisha, wakaweka kisichogandisha.

Cha Kanada kwanza

Nanaimo ni mji wa kisiwa cha Vancouver, magharibi mwa Kanada, mji uliokulia kwenye makaa ya mawe. Mapishi ya namna hii yalichapishwa mwaka 1952 katika kitabu cha akina mama wasaidizi wa hospitali ya mji huo, lakini humo viliitwa vipande vya chokoleti tu. Jina la Nanaimo lilionekana katika chapa mwaka uliofuata. Katikati ya miaka ya 1980 meya Graeme Roberts aliitisha shindano, mapishi karibu mia yakaletwa, na ya Joyce Hardcastle yakashinda. Hayo ndiyo mji unayoyatoa kama mapishi rasmi. Mwaka 2019 posta ya Kanada ikakichora kipande hicho kwenye stempu, na wenyeji wakalalamika kwamba tabaka la kati limechorwa nene mno. Hawakuwa wakigombana bure. Tabaka la kati likizidi nusu ya kimo, ukikiuma kinachomoka pembeni kabla meno hayajafika chini.

Kabla ya vipimo, neno moja kuhusu kikombe. Kikombe cha mapishi ya Kanada ni mililita 250. Tumpeco, kikombe kikubwa cha jikoni kwetu, ni nusu lita, na vikombe vya plastiki vya sokoni kila kimoja kina ukubwa wake. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Vipimo vyote hapa ni vya gramu, kwa trei ya mraba ya sentimita 20.

Tabaka la chini la asili lina siagi gramu 115, sukari gramu 50, kakao gramu 30, yai 1, biskuti zilizopondwa gramu 140, nazi kavu iliyokunwa gramu 80 na lozi zilizokatwakatwa gramu 60. Kakao iwe ile chungu isiyo na sukari. Ile ya kunywa, yenye sukari na maziwa ndani, italeta utamu wa kukwaruza koo na tabaka halitakaza. Ukipata kakao ya Bundibugyo iliyosagwa nzima baada ya kukaangwa, kumbuka kwamba mafuta yake yote bado yamo, karibu nusu ya uzito. Punguza siagi kwa gramu 15.

Weka siagi, sukari na kakao kwenye bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, chini ya bakuli pasiguse maji. Vikishayeyuka, ondoa bakuli, ngoja dakika 2, kisha mimina yai lililopigwa huku unakoroga bila kusimama, na urudishe juu ya mvuke. Mchanganyiko utakuwa mwepesi, halafu ghafla utakuwa mzito kama uji wa mtoto. Hapo ondoa. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 71. Yai limeiva na halijakatika. Ukiona punje nyeupe, moto ulikuwa mkali au uliacha kukoroga. Huo mchanganyiko chuja upesi kwenye chujio la chai, utaokoka, ila ukisubiri upoe umekwisha.

Biskuti za graham zinazotajwa huko ni ngumu kuzipata hapa. Zinazokaribia ni daijestivu. Marie nazo zinafaa, lakini ni kavu zaidi, hivyo anza na gramu 125 na uongeze ukiona mchanganyiko bado unang'aa kwa mafuta. Zitie kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyo safi uzisage kwa kifimbo cha chapati, kifaa ambacho hakikosekani katika nchi ya rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Unachotaka ni chenga kama mchanga wa kujengea, na vipande vichache vya ukubwa wa punje ya mchele. Ukizifanya unga mtupu, tabaka litakuwa gumu na laini kama sabuni. Ukiziacha kubwa, kisu kitalivunja.

Sasa nazi. Nazi kavu Kampala ipo, lakini imesafiri, na mara nyingi imekaa dukani hadi ikapata harufu ya sabuni. Inuse kabla ya kuitia. Kwa wakazi wa Lira au Soroti hakuna sababu ya kuihangaikia wakati simsim na karanga ziko mlangoni. Ila usizibadilishe gramu kwa gramu. Nazi kavu hunyonya. Simsim hainyonyi chochote, na yenyewe imejaa mafuta. Kwa hiyo simsim iwe gramu 50 badala ya 80, biskuti zipande hadi gramu 160, na siagi ishuke hadi gramu 100. Karanga gramu 60 zishike nafasi ya lozi, zikiwa zimekaangwa, zimepurwa maganda na kutwangwa kwenye kinu mara chache tu. Red Beauty, ile ndogo nyekundu, ina utamu unaofaa. Chagua moja moja: iliyonyauka, yenye doa au ukungu itupwe, kwa sababu sumukuvu haiondoki yote kwa kukaanga.

Jambo moja huwadanganya hata wapishi hodari. Mtu huona odii, ile rojo tamu ya karanga na simsim ya Acholi, akafikiri inaweza kuchukua nafasi ya siagi. Ladha itakuwa nzuri mno, na tabaka halitaganda kamwe. Mafuta ya simsim na ya karanga hayawi magumu hata ndani ya friji ya kawaida. Siagi ni ngumu. Odii itie kijiko kimoja cha harufu, mafuta ya kugandisha yabaki ya siagi.

Shindilia kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, karatasi ipite kingo pande mbili ili uje uvute. Tumia kitako cha glasi, kandamiza hasa kwenye pembe. Friji nusu saa.

Tabaka la manjano

Hapa ndipo kipande kinapopata sura yake: siagi gramu 115, sukari ya unga ile wauzaji wanayoiita aisingi gramu 240, kastadi ya unga vijiko 2 vya mezani, krimu mililita 40. Kastadi hiyo ni wanga wa mahindi wenye rangi na harufu ya vanila, kitu alichobuni Alfred Bird wa Birmingham mwaka 1837 kwa ajili ya mke wake, ambaye mayai yalimdhuru. Haipikwi hapa. Inatiwa kavu, inapigwa na siagi, na kazi yake ni rangi, harufu na kukausha kidogo.

Siagi iwe laini kiasi cha kuingia kidole bila kung'aa. Ikishang'aa imeanza kuyeyuka, haitashika hewa tena, na tabaka litakuwa zito na la mafuta. Chekecha sukari na kastadi pamoja. Uvimbe mmoja wa kastadi ukibaki utaonekana kama doa la manjano kwenye kila kipande. Piga dakika 4 hadi 5, krimu ikiingia kidogo kidogo.

Wengi watatumia majarini kwa sababu ndiyo iliyopo. Inawezekana, lakini majarini ya kupaka mkate ina maji mengi kuliko siagi na imetengenezwa iwe laini hata ikiwa baridi. Ukiitumia, acha krimu kabisa, ongeza vijiko 2 vya maziwa ya unga, na ukubali kwamba tabaka litabaki laini. Kuchanganya nusu kwa nusu na siagi ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mfuko wa kawaida. Na ukiwa na vanila ya Mukono au Bundibugyo, pasua nusu ganda ukwangue mbegu humo: kastadi ya kopo ina harufu moja tu, ganda lina nyingi.

Tandaza juu ya tabaka la chini lililopoa, lainisha kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa, kisha friji angalau saa 1. Hapa usiharakishe, maana chokoleti ya moto juu ya kastadi iliyo vuguvugu hutoboa mashimo na rangi mbili huchanganyika kama matope.

Juu ni chokoleti gramu 115 na siagi gramu 30, zimeyeyushwa juu ya mvuke, zikaachwa zipoe hadi ukizigusa kwa mdomo husikii joto wala baridi. Soma pakiti. Chokoleti yenye siagi ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, hung'aa na ina ladha. Ile ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta ya kiini cha mchikichi ina ladha ya chini, lakini inasamehe zaidi makosa ya kuyeyusha. Tone moja la maji likiingia, chokoleti hukakamaa na kuwa chenga. Wengi huongeza maji kidogo wakidhani itayeyuka tena, inazidi kukaza. Kilichobaki ni kuongeza maziwa ya moto ya kutosha, vijiko 3 au 4, uigeuze mchuzi wa kumwagia keki, uanze chokoleti nyingine.

Kukata nako kuna saa yake. Chokoleti ikikaza kabisa, kisu hupasua sahani yote ya juu na kusukuma kastadi nje. Baada ya dakika 15 kwenye friji, ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, chora mistari kwa kisu cha moto hadi chokoleti itengane. Rudisha. Baada ya saa 2 vuta karatasi, acha trei mezani dakika 10, kata kwa kufuata mistari ukifuta kisu kila mara. Vipande 16 vya sentimita 5 vinatosha. Kikubwa zaidi ya hapo hakimalizwi na mtu.

Vinakaa siku 4 au 5 kwenye friji vikiwa vimefunikwa, na kwenye friza miezi 2. Lakini usivipeleke Arua kwa basi la mchana, wala kuvibeba kwenye boda saa saba adhuhuri bila kasha la barafu. Siagi huanza kulegea kabla hujavuka taa za pili. Umeme ukikatika, usifungue friji. Iliyojaa na kufungwa hukaa na baridi yake saa 4 hivi.

Kisichohitaji friji

Sukari iliyopikwa haiogopi jua la Gulu. Inaogopa unyevu. Adui wa simsim ya sukari ni mvua za Aprili na za Oktoba.

Simsim kwanza ioshwe. Hupurwa juu ya turubai au ardhi, na mchanga wake ni mdogo kama yenyewe, hauonekani mpaka uingie menoni. Tia kwenye beseni la maji, koroga, ngoja kidogo mchanga ushuke, kisha chota simsim ya juu kwa chujio. Rudia mara 3. Anika hadi ikauke kabisa. Kaanga kwa moto mdogo wa sigiri, ukikoroga, hadi ianze kurukaruka na punje moja ikisagwa kati ya vidole iache harufu. Ondoa hapo hapo, mwaga kwenye sinia. Ikiachwa kwenye chuma cha moto itaendelea kuiva na kuwa chungu.

Kwa gramu 250 za simsim, chukua sukari gramu 200, maji mililita 60, asali kijiko 1 cha mezani, maji ya limau kijiko 1 cha chai na chumvi robo kijiko. Koroga sukari iyeyuke kabla ya kuchemka. Ikishachemka usitie mwiko tena. Limau na asali ziko hapo kuzuia sukari isirudi kuwa chenga, na mwiko unaizuia kazi hiyo. Tikisa sufuria kama rangi imeanza upande mmoja. Ikifika rangi ya chai ya rangi isiyokolea, tia simsim ambayo bado ina joto. Ikiwa baridi sukari itaganda ghafla kabla haijazipaka zote. Geuza haraka, mimina juu ya sinia iliyopakwa mafuta, sukuma kwa kifimbo kilichopakwa mafuta hadi unene wa milimita 6. Una dakika 3 au 4 za kukata. Beseni la maji baridi liwe karibu, si kwa mapishi bali kwa mikono, maana sukari hii inazidi nyuzi 150 na hung'ang'ania ngozi.

Hii inaweza kuwa ya tabaka, na hapo inapendeza kuliko ya rangi moja. Unahitaji sigiri mbili, au mtu wa pili. Chini weka simsim gramu 150 kwa sukari gramu 120, isukume nyembamba. Juu weka karanga gramu 200 zilizogawanyika, kwa sukari nyeupe gramu 80 na sukari guru gramu 80. Sukari guru ya Busoga iyeyushwe kwanza kwa maji na kuchujwa kwa kitambaa, kwa sababu huja na nyuzi za miwa na majivu. Limau isitiwe kwenye tabaka hili: sukari guru tayari ina asili ya kutorudi chenga. Ina pia asili ya kuungua mapema na ya kuvuta unyevu, ndiyo sababu tunaichanganya nusu kwa nusu. Ikiwa yote ni guru, kesho yake inanata kwenye karatasi. Na rangi haitakusaidia kwa sababu ni nyeusi tangu mwanzo. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likilia tak ukiliuma, tayari.

Tabaka la pili limwagwe wakati la kwanza bado lina joto. Sukari hushikana na sukari ikiwa laini. La kwanza likipoa, ukikata utapata mabamba mawili yasiyojuana. Likiwa limeshapoa, shikilia sinia juu ya sigiri kama dakika moja hadi uso uanze kung'aa, kisha mimina.

Mwenye kipimajoto na mapishi ya nje atajikuta anashindwa bila kuelewa. Nyuzi zinazoandikwa ni za usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni 93 hivi. Chemsha maji, soma kipimajoto, toa jibu kwenye 100, na tofauti hiyo ipunguze kwenye nyuzi za mapishi. Shira ya kashata inayotakiwa nyuzi 114 pwani, hapa ni 110. Anayeisubiri ifike 114 Kampala anapata kashata ya kuvunja jino.

Kashata yenyewe ni somo la kinyume. Sukari gramu 250, maji mililita 120, karanga za kukaanga gramu 300, iliki. Hii unaitaka irudi chenga, hivyo ikishafika kiwango unaikoroga kwa nguvu hadi ukingo wa sufuria uwe mweupe, kisha unamimina mara moja. Sukari ni ile ile. Ikitulia inakuwa kioo, ikikorogwa inakuwa chenga laini inayoyeyuka mdomoni.

Barfi inakaa katikati ya hizo mbili, na mpishi asiye na friji anayetaka tabaka la katikati lililo laini aitazame hiyo badala ya kastadi. Samli gramu 60, maziwa mililita 180, maziwa ya unga gramu 250, sukari gramu 110. Changanya bila uvimbe, pika moto mdogo dakika 10 hadi 12 hadi donge liache kingo za sufuria na samli ianze kung'aa pembeni. Ukiondoa mapema linabaki likinata kama ubani wa kutafuna. Ukichelewa linakatika kama chaki. Nusu iache nyeupe, itie iliki uimimine kwenye trei, na nusu itie kakao gramu 15 uishindilie juu yake. Samli iwe mpya isiyo na harufu ya moshi. Ile kali ya Ankole ni ya eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, na huko inastahili sifa zote, lakini ndani ya barfi itafunika iliki na kila kitu.

Barfi hii hukaa siku 2 nje mahali penye kivuli, hivyo ishindilie juu ya bamba la simsim na karanga likiwa tayari limepoa, paka asali nyembamba kati yake ishike, na kata siku hiyo hiyo. Unyevu wa maziwa huanza kulainisha sukari ya chini usiku wa kwanza. Vipande vifungwe kimoja kimoja kwa karatasi ya nta, kisha kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Vipande vya pembeni, ambavyo haviuziki kwa sababu ya sura, vitwangwe vinyunyizwe kwenye uji wa mtama.